Mpira wa Pretoria Bado Haujatua

Kuna mechi huisha filimbi ikilia, na kuna mechi ambayo mwamuzi anapanda ndege kurudi kwao huku Kariakoo ndiyo kwanza inaanza kuchezwa. Ya Yanga na Mamelodi Sundowns, Aprili 5, 2024, ni ya aina ya pili. Ilikuwa marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, baada ya suluhu ya Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Mapema kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa wa panya, likadunda chini, likarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakainua mikono. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania akasubiri neno la chumba cha VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, kisha mchezo ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Dakika tisini zikaisha bila goli. Kwenye matuta, Sundowns 3, Yanga 2.

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe kutokana na mabishano ambayo mtu yeyote anayekaa vijiweni ameyasikia. Majina sikuweka, kwa kuwa hoja hizi hazina mwenyewe, zinarithiwa. Wapo wanne: Jangwani, ambaye ni Yanga, Msimbazi, ambaye ni Simba, Refa, mzee aliyewahi kupuliza filimbi kwenye madaraja ya chini, na Kamera, dada anayerekodi mechi na harusi kwa mashine ileile.

JANGWANI: Naanza mimi, maana msiba ni wangu. Lile lilikuwa goli. Nimelirudia kwenye simu mpaka bando likakata. Mpira umedunda ndani ya mstari, kila mwenye macho ameuona, na bado mtu amekaa kwenye chumba chenye runinga kibao anasema hapana. Sasa hiyo mashine ya nini?

MSIMBAZI: Pole, mtani. Lakini naomba nikuulize hesabu ndogo tu. Mkapa, dakika tisini, bila bila. Pretoria, dakika tisini, bila bila. Hizo ni dakika mia na themanini. Halafu matuta matano mmefunga mawili. Hapo VAR imeingiaje?

JANGWANI: Imeingia pale ilipofuta goli letu! Unasema hatukufunga, na mimi nakwambia tulifunga. Huwezi kunihukumu kwa goli ambalo wewe ndiye umelichukua.

MSIMBAZI: Mimi? Mimi siku hiyohiyo nilikuwa Cairo nalia kivyangu. Al Ahly wametupiga 2-0, baada ya kutupiga 1-0 hapa hapa kwa Mkapa. Hatukumtafuta mchawi.

KAMERA: Kaka zangu, kabla hamjafika kwa wachawi, niulizeni mimi habari ya picha. Mnasema "kila mwenye macho ameona". Ameona kutoka wapi? Chukua glasi, iweke ukingoni mwa meza, kisha simama pembeni uiangalie kwa mshazari. Utaapa kuwa glasi imevuka ukingo. Njoo usimame sawasawa na ukingo, utakuta bado iko mezani. Kamera iliyo upande wa uwanjani, juu jukwaani, inauangalia mstari wa goli kwa mshazari vilevile. Mpira ulio hewani, hata sentimita chache tu, utaonekana umeingia ndani zaidi kuliko ulivyoingia kweli. Picha nyingi mlizosambaziana kwenye simu zilipigwa kutoka huko.

JANGWANI: Kwa hiyo unasema halikuwa goli?

KAMERA: Sijasema hivyo. Nasema picha ile haiwezi kukuapia. Na kuna jambo la pili, hili ndilo baya zaidi. Video ni picha nyingi zilizosimama, zinapitishwa haraka. Tuseme picha 50 kwa sekunde. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe. Kati ya picha moja na inayofuata mpira umeshasafiri zaidi ya nusu mita. Hata kama mtambaa wa panya umeupunguza kasi, unaweza kuingia na kutoka na mimi nisiwe na picha ya pale ulipokuwa ndani kabisa. Ninayo ya kabla na ninayo ya baada. Ya katikati haikupigwa.

Hapa niseme neno. Kwa miaka mingi tumeaminishwa kuwa kamera ikiwepo, ukweli upo; kinachokosekana ni mtu mwaminifu wa kuutazama. Maelezo ya huyu dada yanaharibu imani hiyo vibaya sana, na ndiyo maana vijiweni hayapendwi. Shabiki anataka mwizi. Ukimpa hesabu ya picha kwa sekunde anakuona umetumwa.

REFA: Niruhusuni wanangu. Sheria ya goli haisemi mpira uguse ndani. Inasema mpira wote, mzima, uvuke mstari wote, chini au hewani. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Ukibaki hata uzi mmoja juu ya mstari, si goli. Halafu utaratibu wa VAR nao una sheria yake: uamuzi wa uwanjani haubadilishwi mpaka kuwe na kosa la wazi, lisilobishaniwa. Mwamuzi wa kati hakutoa goli. Chumba cha VAR kisipopata picha ya kuthibitisha kwamba mpira wote umevuka, uamuzi wa kwanza unabaki. Hiyo haimaanishi "si goli". Inamaanisha "hatuwezi kuthibitisha kuwa ni goli".

JANGWANI: Mzee, hayo maneno mawili mbona kwangu yana matokeo mamoja?

REFA: Kwako ndiyo. Kwa mwamuzi, hapana.

JANGWANI: Basi angalau angekwenda kwenye ile runinga ya pembeni akaangalia mwenyewe! Hakwenda. Mechi ya robo fainali ya Afrika, mtu hata hatembei hatua ishirini?

REFA: Hilo nalo mnalilaumu bure. Runinga ya pembeni ni ya mambo yanayohitaji kupimwa: je, rafu ni kubwa kiasi gani, mkono ulikuwa wa makusudi? Mpira umevuka au haukuvuka, mtu ameotea au hakuotea mstarini, hayo ni mambo ya ndiyo na hapana. Kwa kawaida chumba kinamwambia, anapokea. Na yule hakuwa mwamuzi wa kuokoteza. Miezi miwili kabla alichezesha fainali ya AFCON kule Abidjan, Nigeria na Ivory Coast.

MSIMBAZI: Mtani, umesikia? Wamekupa mwamuzi wa fainali na bado unalia.

JANGWANI: Nalia kwa sababu dawa ya ugonjwa huu ilishapatikana zamani! Mwaka 2010, hukohuko Afrika Kusini, Bloemfontein, Lampard wa England alipiga shuti la namna ileile dhidi ya Ujerumani. Mwamba, chini, ndani, nje. Dunia nzima ikaona, mwamuzi hakuona. FIFA wakaaibika, na Kombe la Dunia la 2014 Brazil likaja na teknolojia ya mstari wa goli. Saa ya mwamuzi inatetema ndani ya sekunde moja, habari imekwisha. Hakuna kubishana. Miaka kumi baadaye, robo fainali ya Afrika, tunabahatisha kwa picha za mshazari.

KAMERA: Hapo umesema. Mfumo ule hutumia kamera saba kwa kila goli, kumi na nne kwa uwanja mzima, zimefungwa juu, zimepimwa, hazifanyi kazi nyingine yoyote. Hazirekodi shangwe wala benchi, zinafuata mpira tu. VAR inategemea kamera za watangazaji, ambazo kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha mechi wewe uliye nyumbani. Watu wanachanganya vitu viwili. VAR haikutengenezwa kupima sentimita za mstari wa goli.

MSIMBAZI: Na gharama?

KAMERA: Ndiyo sababu hakuna.

Yanga ilipeleka malalamiko CAF. Matokeo hayakubadilika, na hakuna aliyetegemea yabadilike. Sundowns wakaenda nusu fainali, wakatolewa na Esperance. Ingekuwa habari imeishia hapo, ningesema hiki ni kilio cha upande mmoja na wa pili unakunywa kahawa. Lakini mpira una tabia ya kuzungusha zamu.

Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Mkondo wa kwanza, Berkane, Morocco, ikafungwa 2-0, yote mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano yakapelekwa New Amaan, Zanzibar, Mei 25, kwa kuwa CAF haikuridhika na nyasi za Mkapa. Joshua Mutale akafunga mapema. Uwanja ukaamini. Kipindi cha pili Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, lakini Simba ya watu kumi ikaendelea kusukuma, na Steven Mukwala akautia mpira wavuni. Ikaja VAR. Ameotea. Goli likafutwa, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco.

JANGWANI: Naomba zamu yangu. Mtani, hebu nikuulize hesabu ndogo tu.

MSIMBAZI: Usianze.

JANGWANI: Berkane, dakika kumi na tano za kwanza, mmekula mawili. VAR imeingiaje?

MSIMBAZI: Ile ni tofauti kabisa! Lile la Mukwala lingekuwa 2-0, tuko sawa kwa jumla, uwanja ungelipuka, wale Waarabu wangetetemeka. Unafuta goli la namna hiyo kwa kuotea kwa kidole cha mguu? Na ile mistari yao, nani aliichora? Ilichorwa saa ngapi? Mbona sisi uwanjani hatukuonyeshwa?

JANGWANI: Hayo ndiyo maneno yangu ya Pretoria. Neno kwa neno.

Kwa kweli nimewahi kuwasikia watu wakibadilishana hoja hivi bila hata kuona haya. Aliyesema "fungeni magoli yenu, acheni visingizio" mwezi Aprili anasema "tumeibiwa" mwezi Mei wa mwaka unaofuata, na mwenzake anakwenda kinyume chake. Ingekuwa rahisi kuwacheka wote wawili na kuondoka. Lakini nadhani tutakuwa tumepitwa na kitu, kwa sababu chini ya utani kuna swali moja ambalo wote wameliuliza, na Msimbazi amelisema bila kujua: mbona sisi hatukuonyeshwa?

KAMERA: Naomba nimpe Msimbazi haki yake. Kwenye kuotea nako kuna tatizo langu la picha. Lazima uchague picha moja ambayo mguu wa mpigaji pasi umegusa mpira. Kati ya picha mbili mshambuliaji anayekimbia anaweza kuwa amesogea sentimita kumi na zaidi. Anayechagua picha ndiye anayeamua. Simaanishi anaiba. Namaanisha kuna mkono wa mtu.

REFA: Mkono wa mtu umekuwepo siku zote, binti yangu. Zamani ulikuwa wa mshika kibendera, mkaupiga chupa za maji.

JANGWANI: Mzee, wacha nikwambie kinachoniuma. Mwaka 2023 tulicheza fainali ya Shirikisho na USM Alger. Tukafungwa hapa 2-1, tukaenda Algiers tukashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe wakachukua wao kwa goli la ugenini. Umenisikia nikilalamika? Niliumia, nikalala njaa, lakini sikulalamika. Sheria ya goli la ugenini niliijua tangu siku ya kwanza. Nimefungwa na kitu ninachokijua. Pretoria nimefungwa na kitu nisichokijua mpaka leo. Hakuna aliyenieleza walichokiona mle chumbani.

Kwangu mimi, katika mabishano yote haya, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na naona ajabu kwamba haitajwi na wasemaji wa klabu. Wao hupenda kusema "tumedhulumiwa" kwa sababu inauza. Jangwani hasemi amedhulumiwa. Anasema hajaelezwa. Mtu aliyeelezwa huweza kubisha, kukubali, au kukasirika kwa sababu maalumu. Asiyeelezwa anabaki na simu yake, picha ya mshazari, na uvumi wa nani kamhonga nani.

MSIMBAZI: Wenzetu Uingereza wanaelezwa, na bado wanatukanana.

KAMERA: Wanatukanana, lakini kwa kitu cha kweli. Mnakumbuka goli la Luis Díaz, Tottenham na Liverpool, Septemba 30, 2023? Alikuwa hajaotea. Mshika kibendera akainua, goli likakataliwa. Aliyekuwa kwenye VAR akadhani uwanjani wametoa goli, akaangalia picha, akaona Díaz yuko sawa, akasema ukaguzi umekamilika. Yaani alimaanisha goli lihesabiwe. Uwanjani wakaelewa lisihesabiwe. Mpira ukaanza. Siku tatu baadaye wakatoa sauti ya chumba kile, watu wakasikia wanavyohaha walipogundua.

JANGWANI: Niliisikia. Mimi si Liverpool, ila nilimwonea huruma yule jamaa.

KAMERA: Umesikia ulichosema? Huruma! Kwa refa! Wewe!

MSIMBAZI: Sasa Beida angetoa sauti yake ungemwonea huruma?

JANGWANI: ...Tungeona.

REFA: Na si sauti za baadaye tu. Kombe la Dunia la wanawake, 2023, kule Australia na New Zealand, mwamuzi alikuwa akitoka kwenye runinga anatangaza kwa kipaza sauti uwanja mzima: nimeona hiki, uamuzi ni huu. Wengine sauti zilitetemeka. Si kazi rahisi.

Wapo wanaoona njia ni kuitupa mashine yenyewe. Sweden, mashabiki wanachama wa klabu waliikataa VAR na mwaka 2024 shirikisho lao likaacha mpango wa kuileta. Uingereza Wolves walipeleka hoja hiyohiyo mwaka huohuo, wakashindwa kura 19 kwa 1. Sisi tuko upande mwingine wa foleni: tunaiomba. Bajeti ya serikali ya Juni 2024 ilipendekeza msamaha wa kodi kwa vifaa vya VAR, na watu vijiweni walishangilia kama wamesajiliwa mshambuliaji.

MSIMBAZI: Ije hata kesho. Ligi yetu hii, unacheza mkoani, mshika kibendera amelala, unafungwa goli la kuotea mita tatu, unaambiwa kata rufaa. Derby ya Juni 2025 ilibidi waamuzi watolewe Misri ili pande zote mbili zikubali kuingia uwanjani. Misri! Kama tuna waamuzi wetu.

JANGWANI: Na tuliwapiga 2-0 na huyo Mmisri wenu.

MSIMBAZI: Nimesema usianze.

REFA: Mimi nina hofu moja. Mashine ikija bila umakini ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Mei 2019, Radès, Tunisia, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Esperance na Wydad. Wydad wakafunga, goli likakataliwa, wakasema basi twende kwenye VAR. Wakaambiwa VAR haifanyi kazi. Wachezaji wakagoma kuendelea, Esperance wakapewa kombe, na kesi ikafika mpaka mahakama ya michezo. Laiti tangu asubuhi watu wangejua hakuna VAR, goli lile lingelalamikiwa wiki moja likasahaulika. Walichogombania hasa ni mashine waliyoahidiwa.

KAMERA: Na mkoani kwetu umeme ukikatika dakika ya sabini?

REFA: Ndiyo maana nasema.

Kuna jioni moja tu ambapo Jangwani na Msimbazi walilia pamoja: Rabat, Januari 2026, Taifa Stars iliyofika mtoano wa AFCON kwa mara ya kwanza, dhidi ya wenyeji Morocco. 1-0, goli la Brahim Díaz. Dakika za nyongeza mchezaji wetu akaenda chini ndani ya boksi, tukaomba penalti, mwamuzi hakuitoa. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake hesabu ndogo. Lakini nilichokiona kesho yake kilinikera kidogo, nikiri. Gumzo lote lilikuwa la penalti. Timu iliyokuwa imekwenda kwa vigogo wa Afrika na kuwabana hadi dakika ya mwisho, iliyozuia kwa mpangilio ambao hatujauona miaka mingi, haikujadiliwa. Tulinyimwa mara mbili: penalti, na mazungumzo ya mpira wenyewe.

MSIMBAZI: Hapo umetupiga wote, mwandishi.

JANGWANI: Kweli, lakini ile ilikuwa penalti.

MSIMBAZI: Penalti kabisa.

KAMERA: Mzee, hujajibu swali la msingi. Ligi yetu ikipata VAR, wewe ungekuwa mle chumbani, ungekubali sauti yako irushwe redioni wiki hiyohiyo, nchi nzima isikilize?

REFA: Ningekubali. Ila na ninyi mkubali kunisikia nikisema "sioni vizuri, nirudishie tena", mara tatu, mara nne, jasho linanitoka, halafu nikaamua.

JANGWANI: Irushwe tu. Siku hiyo tutakutukana, mzee wangu, usitudanganye kuwa hatutakutukana. Ila tutakutukana kwa kosa lako, si kwa hela ya mtu ambayo hukuila.

MSIMBAZI: Kama ni kosa dhidi ya Simba, mimi naongeza siku mbili.